Ufaransa inajenga, Uingereza inaahirisha: tofauti haiko kwenye utajiri

Mnamo Desemba 1958, mji wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, uliondoa tramu zake za mwisho barabarani. Karibu mwaka mmoja kisha, Novemba 1959, mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ulifanya vilevile. Wakati ule wakubwa wa miji hiyo miwili waliamini kitu kimoja: gari na basi ndiyo maisha ya kesho, na reli katikati ya barabara ni mambo ya wazee. Miaka ikapita, magari yakajaa, watu wakachelewa kazini, na miji yote miwili ikaanza kujuta. Katika miaka ya 1990 kila mmoja ulikuwa na mpango wa kurudisha tramu.

Bordeaux ilifungua tramu yake mpya Desemba 2003. Leeds ilipata ruhusa ya serikali ya London mwaka 2001, ikatumia mamiliyoni ya pauni kwa michoro na matayarisho, kisha Novemba 2005 waziri wa usafiri, Alistair Darling, akafuta mpango wote kwa sababu gharama zilikuwa zimepanda. Miji hiyo inakaribiana kwa ukubwa: kila mmoja, pamoja na vitongoji vyake, una watu karibu 800,000. Lakini mmoja una tramu zinazopita katikati ya mji bila hata waya juu ya vichwa vya watu, na mwingine unahesabiwa kati ya miji mikubwa kabisa ya Ulaya ya magharibi isiyo na tramu wala metro.

Mtu akisikia habari hii anaweza kufikiri kwamba Ufaransa ina feza kuliko Uingereza. Si kweli. Inchi hizi mbili ni kama mapacha: kila moja ina watu miliyoni 68 au 69 hivi, na ukigawanya mapato ya inchi kwa kila mkaaji, zinapishana kidogo tu. Zote mbili zilikuwa na makoloni, zote mbili zina bomu la nyuklia na kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kinachozitenganisha ni tabia moja: namna kila moja inavyolinda, au inavyoshindwa kulinda, feza za kujenga vitu vya kudumu.

Mwanafunzi yeyote wa uchumi kule Bukavu au Lubumbashi anaijua hesabu ya vitu hivyo kwa Kifaransa, kwa herufi nne: FBCF. Ni jumla ya feza ambazo serikali, kampuni na watu binafsi wanatumia katika mwaka mmoja kununua au kujenga vitu vitakavyofanya kazi miaka mingi: barabara, nyumba, mashini za kiwanda, nguzo za umeme, hospitali, hata programu za kompyuta. Mshahara wa mwalimu haumo. Darasa ambamo anafundishia limo. Mafuta ya gari hayamo. Lori la kampuni limo. Bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwisho wa miaka ya 1950, bado linapeleka umeme Bukavu. Walioweka sahihi kwenye karatasi za feza zake wamekufa karibu wote, lakini maji yanazungusha mashini.

Tena kitu cha kudumu kinachakaa. Inga ya pili ilianza kazi mwaka 1982. Miaka 20 kisha, mashini zake nyingi zilikuwa zimesimama sababu hazikutunzwa. Kwa hiyo feza za ujenzi za kila mwaka hazileti vitu vipya tu. Sehemu kubwa inaziba kile kilichozeeka. Inchi inayojenga kidogo mno haibaki fasi ilipokuwa. Inarudi nyuma polepole, na watu hawaoni mpaka siku paa linapoanguka.

Wataalamu wanapima FBCF kwa kuilinganisha na mapato yote ya inchi kwa mwaka, yaani PIB. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ufaransa ilikuwa inaweka karibu robo ya mapato yake katika vitu vya kudumu, na Uingereza zaidi kidogo ya moja ya tano. Kisha inchi zote mbili zilishuka. Lakini katika miaka 30 iliyopita, Ufaransa imebaki kati ya asilimia 19 na 24, wakati Uingereza imezunguka kati ya 15 na 19. Kati ya zile inchi saba tajiri zinazoitwa G7, Uingereza imekuwa ya mwisho karibu kila mwaka tangu katikati ya miaka ya 1990.

Pointi nne au tano zinaonekana kidogo. Zihesabu vizuri. Chukua inchi mbili ambazo kila moja inapata 100 kwa mwaka. Ya kwanza inajenga kwa 22, ya pili kwa 17. Kwa mwaka mmoja tofauti ni 5, na hakuna mtu atakayeamka usiku kwa ajili ya 5. Kwa miaka 30, ya kwanza imejenga kwa 660, ya pili kwa 510. Tofauti imekuwa 150, yaani mapato yote ya inchi nzima kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuna serikali inayoweza kulipa deni la namna hiyo katika muhula mmoja wa miaka mitano.

Na deni hilo linaonekana kwa macho. Ufaransa ina zaidi ya nyumba miliyoni 37 kwa idadi ya watu ambayo Uingereza inaipangia nyumba miliyoni 30 hivi. Kweli, kati ya zile za Ufaransa kuna nyingi za likizo na nyingine tupu huko vijijini, lakini hata ukiziondoa, kijana wa London anayelipa nusu ya mshahara wake kwa chumba kimoja anajua hesabu inaelekea wapi. Ufaransa ina zaidi ya kilometa 2,700 za reli za treni ya kasi, tangu njia ya Paris na Lyon ilipofunguliwa mwaka 1981. Uingereza ina kilometa 108.

Kilometa hizo 108 zina hadithi yake. Tarehe 6 Mei 1994, malkia Elizabeth na rais François Mitterrand walifungua njia ya reli chini ya bahari kati ya inchi zao. Treni ya malkia na ya rais zilikutana pua kwa pua karibu na Calais, bendera zikapigwa na upepo, wote wakacheka. Lakini upande wa Ufaransa reli mpya ya kasi ilikuwa tayari tangu mwaka uliotangulia. Upande wa Uingereza hakukuwa kitu. Treni ile ile iliyokimbia kilometa 300 kwa saa katika mashamba ya kaskazini ya Ufaransa ilitoka chini ya bahari, ikaingia kwenye reli za zamani za jimbo la Kent, ikajipanga nyuma ya treni za wafanyakazi wanaoenda London. Mitterrand hakukosa kufanya mzaha kwamba abiria watapata wakati wa kutosha kutazama uzuri wa mashamba ya Kiingereza. Reli nzima ya kasi mpaka London ilimalizika Novemba 2007, miaka 13 kisha.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kusema kwamba Waingereza ni wavivu wa kupanga na Wafaransa wanapenda vitu vikubwa. Maneno hayo ni ya baa. Jibu la kweli linapatikana kwenye meza ya waziri wa feza siku ya shida.

Siku hiyo, waziri anatafuta fasi ya kukata. Akigusa mishahara, walimu na wauguzi wanasimamisha kazi. Akigusa pensheni, wazee wanamkumbuka siku ya kura. Akiongeza kodi, magazeti yanamchoma. Lakini akifuta daraja ambalo halijajengwa, nani atalia? Hakuna aliyewahi kulivuka. Hakuna chama cha watu waliopaswa kupanda tramu ya Leeds mwaka 2010. Feza za ujenzi ndizo peke yake katika bajeti ambazo mtu anaweza kuziiba bila mwenye mali kujua ameibiwa.

Uingereza imefanya hivyo mara nyingi mpaka imekuwa desturi. Mwaka 1976 pauni ilianguka, na serikali ya James Callaghan ilienda kuomba mkopo wa dola miliare 3.9 kwenye Shirika la Feza la Kimataifa (FMI). Inchi iliyowahi kutawala robo ya dunia ilisimama kwenye mlango ule ule ambao Kinshasa inaujua vizuri. Masharti yalikuwa yale yale: kata matumizi. Na ujenzi wa serikali ulibeba mzigo mkubwa. Serikali ya Margaret Thatcher, iliyoingia mwaka 1979, iliendelea na njia hiyo kwa imani, si kwa kulazimishwa. Katikati ya miaka ya 1970, halmashauri za miji ya Uingereza zilikuwa zinamaliza zaidi ya nyumba 100,000 kwa mwaka kwa ajili ya wapangaji wa kipato kidogo. Mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zinamaliza mia chache tu. Nyumba zilizokuwako, sheria ya mwaka 1980 iliruhusu wapangaji wazinunue kwa bei ya chini, na nyingi zilizouzwa hazikubadilishwa na mpya.

Mbaya zaidi, yote hayo yalitokea wakati inchi ilikuwa na bahati. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalianza kutoka mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 kodi zake zilimwaga mamiliare ya pauni katika hazina ya London. Jirani wa ng'ambo ya bahari ile ile, Norvege, iliunda mfuko maalumu mwaka 1990 ili feza za mafuta zisiliwe zote na kizazi kimoja. Uingereza haikuunda mfuko wowote. Feza ziliingia kwenye bajeti ya kawaida, zikasaidia kupunguza kodi na kulipa posho za watu waliokosa kazi, kisha zikaisha. Msomaji wa Kolwezi, anayeona malori ya madini yakipita kila siku, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ufaransa ilipigwa na shida ile ile ya mafuta ya mwaka 1973, tena yenyewe karibu haikuwa na mafuta. Machi 1974, waziri mkuu Pierre Messmer alitangaza mpango wa kujenga vinu vya nyuklia vya kutoa umeme, vingi na kwa haraka. Hakukuwa mjadala mkubwa bungeni, na hilo si jambo la kusifu. Lakini vilijengwa. Miaka 15 hivi ilitosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na leo karibu theluthi mbili ya umeme wa Ufaransa au zaidi inatoka kwenye vinu hivyo. Feza hazikutoka kwenye bajeti ya kila mwaka. Kampuni ya serikali, EDF, ilikopa yenyewe, mpaka kwenye masoko ya ng'ambo, serikali ikiwa mdhamini, na deni lililipwa na wateja wa umeme pole pole.

Hapo ndipo siri ilipo, na ndiyo sehemu ambayo watu wanaolinganisha inchi hizi wanaisahau. Ufaransa haikuwa na mawaziri wenye roho nzuri kuliko wa Uingereza. Ilikuwa na masanduku ambayo waziri wa feza hawezi kuyafungua kirahisi siku ya shida.

Sanduku la kwanza ni akiba ya raia. Zaidi ya Wafaransa miliyoni 50, hata watoto wachanga, wana kitabu cha akiba kinachoitwa Livret A, kilichozaliwa mwaka 1818. Bibi wa kijijini anaweka euro zake 40 kwa mwezi, anapata faida isiyokatwa kodi, anaweza kuzitoa wakati anapotaka. Zaidi ya nusu ya feza hizo zinakusanywa na taasisi moja ya serikali, Caisse des Dépôts, ambayo inazikopesha kwa mashirika yanayojenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu. Mkopo unaweza kulipwa kwa miaka 40, hata zaidi. Watu wanaochoma mabenki kwa maneno wangepaswa kuangalia kitu hiki kwa makini: akiba ndogo ndogo, ambayo mwenyewe anaweza kuitoa kesho, imegeuka kuwa ghorofa zitakazosimama miaka mia. Serikali zimekuja na kwenda, bajeti zimekatwa, lakini kitabu kimeendelea.

Sanduku la pili ndilo lililojenga tramu ya Bordeaux. Tangu mwaka 1971 kwa Paris, na 1973 kwa miji mingine, sheria inaruhusu mamlaka za usafiri za miji kutoza kampuni sehemu ndogo ya mishahara zinayolipa, hadi karibu asilimia 2 nje ya Paris, kwa kampuni zenye wafanyakazi 11 au zaidi. Feza hizo ni za usafiri wa mji tu. Haziendi Paris, hazichanganywi na mishahara ya askari. Mji wenye uhakika wa feza hizo kila mwaka unaweza kwenda kukopa ili ujenge leo na kulipa baadaye. Nantes ilianza na tramu mpya mwaka 1985, Strasbourg ikafuata mwaka 1994, na leo karibu miji 30 ya Ufaransa ina tramu.

Sanduku la tatu si la feza, ni sheria. Mji au jimbo la Ufaransa haliruhusiwi kukopa ili lilipe mishahara. Linaruhusiwa kukopa ili lijenge. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya ujenzi wa serikali nchini humo unafanywa na miji na majimbo, si na Paris. Meya akitaka kuonekana ameleta kitu, njia iliyofunguliwa mbele yake ni kujenga.

Leeds haikuwa na sanduku hata moja kati ya hayo. Ilikuwa na barua kwa wizara ya London, na matumaini.

Mwaka 2010 desturi ya Kiingereza ilirudi kwa nguvu. Kisha shida ya mabenki ya 2008, serikali ya David Cameron iliamua kukaza mkanda. Julai 2010, programu kubwa ya kujenga upya shule za sekondari ilisimamishwa, na miradi ya shule zaidi ya 700 ikakwama. Wakati huo, dunia ilikuwa inakopesha Uingereza kwa riba ndogo kuliko wakati wowote ambao watu wanaukumbuka. Hakukuwa saa nzuri zaidi ya kukopa na kujenga. Saa ile ilipita.

Kisha miaka 13, bili ilifika. Shule na hospitali nyingi za Uingereza zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1990 zilitumia aina ya beto nyepesi yenye mapovu ya hewa ndani, rahisi na ya haraka, ambayo umri wake ni kama miaka 30. Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi katika Kent lilianguka. Ilikuwa siku ambayo watoto hawakuwa masomoni, bahati tu. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache mbele ya masomo kuanza, serikali iliambia shule zaidi ya 100 zifunge majengo yenye beto hiyo. Watoto walisomea kwenye mahema, wengine kwenye kontena, wengine nyumbani kwa intaneti. Inchi ya sita kwa utajiri duniani. Picha hizo zilizunguka simu za watu mpaka Goma, na wengi walidhani ni mchezo.

Mwezi mmoja kisha, Oktoba 2023, waziri mkuu Rishi Sunak alifuta sehemu ya kaskazini ya reli mpya ya kasi, HS2, iliyopaswa kufika Manchester. Tawi la Leeds lilikuwa limekwisha kukatwa mwaka 2021. Alitangaza habari hiyo kule kule Manchester, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Aliahidi kwamba pauni miliare 36 zitahamishiwa kwenye kazi nyingine za usafiri, na kati yake zaidi ya miliare 8 zilikuwa za kuziba mashimo ya barabara. Kuziba mashimo ni kazi ya lazima. Lakini serikali inayouza reli ya miaka mia ili inunue lami ya miaka kumi imekwisha kukiri kwamba haikutunza barabara zake.

Si haki kuweka kosa lote kwa serikali. Sehemu kubwa ya FBCF inafanywa na kampuni za watu binafsi, na huko pia Uingereza iko nyuma. Lakini hata hapa mkono wa serikali unaonekana. Mwaka 1984 waziri wa feza Nigel Lawson alianza kuondoa ruhusa ya kampuni kukata bei yote ya mashini kwenye kodi katika mwaka wa kwanza. Badala yake alishusha kodi yenyewe. Mwaka 2021 serikali ilileta ruhusa kubwa kuliko ile ya zamani, ya asilimia 130, kwa miaka miwili tu. Mwisho wa 2023 ikaamua kwamba ruhusa ya asilimia 100 itakuwa ya kudumu. Mwenye kiwanda anayenunua mashini ya miaka 20 anataka kujua sheria itakuwa nini miaka 20. Katikati ya hayo ikaja kura ya Juni 2016 ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, na kwa miaka kadhaa kampuni nyingi zilifunga mikoba zikisubiri kuona mlango gani utabaki wazi.

Matunda ya yote hayo yako kwenye mikono ya mfanyakazi. Kwa miaka mingi, mfanyakazi wa Ufaransa alizalisha kwa saa moja zaidi ya asilimia 10 kuliko mwenzake wa Uingereza. Hakuwa na nguvu zaidi wala akili zaidi. Alikuwa na mashini mpya zaidi, na treni yake ilifika kwa saa.

Wale wanaotetea njia ya Uingereza wana hoja zao, na moja ni nzito. Ufaransa imelipia ujenzi wake kwa kodi kubwa juu ya kazi, na kwa miaka mingi imekuwa na watu wengi zaidi wasio na kazi. Deni la serikali yake limepita asilimia 110 ya PIB, na mwaka 2024 pengo la bajeti lilifika asilimia 5.8. Serikali mbili, ya Michel Barnier Desemba 2024 na ya François Bayrou Septemba 2025, zilianguka bungeni kwa sababu ya hesabu hizo. Tangu 2019 uzalishaji wa mfanyakazi wa Ufaransa umesimama, na tofauti na Uingereza imepungua. Tena si kila ujenzi ni wa akili. Kinu kipya cha nyuklia cha Flamanville kilianza kujengwa mwaka 2007 kwa ahadi ya kumalizika 2012 na kugharimu euro miliare 3.3, kiliungwa na nyaya za umeme Desemba 2024, na EDF yenyewe ilikubali kwamba gharama zimepita miliare 13. Inchi iliyojenga vinu zaidi ya hamsini katika miaka 20 hivi ilikaa bila kujenga, mafundi wake wakazeeka na kwenda pensheni, na ilipoanza tena haikujua kazi.

Lakini Flamanville inaonyesha kosa lile lile la Leeds, upande wa pili wa bahari. Ufaransa ilipoacha kujenga, hata yenyewe ilisahau. Na deni lake la leo halikuletwa na tramu wala na nyumba za Livret A. Pensheni na ruzuku za kila siku zina sehemu kubwa zaidi. Mtu anayesema kwamba Ufaransa iko kwenye shida kwa sababu ilijenga sana anachanganya mlo na sufuria.

London imeanza kusikia. Oktoba 2024, waziri wa feza Rachel Reeves alibadilisha namna ya kuhesabu deni la serikali, ili kufungua karibu pauni miliare 100 zaidi za ujenzi kwa miaka mitano. Ni hatua kubwa kuliko nyingi zilizotangulia. Lakini ni kanuni iliyoandikwa na waziri mmoja, na waziri mwingine anaweza kuifuta asubuhi moja. Haina kitabu cha akiba nyuma yake, haina kodi ya usafiri ya mji, haina sheria inayomzuia mtu kula feza za daraja.

Kwenye pwani ya magharibi ya Uingereza, fasi inayoitwa Hinkley Point, kunajengwa sasa kinu kikubwa cha nyuklia, cha kwanza nchini humo tangu miaka ya 1990. Kimechelewa na gharama zimepanda, kama kule Flamanville. Vinu vya zamani vya Uingereza, kampuni iliyokuwa navyo ilinunuliwa mwaka 2009. Mnunuzi wa vile vya zamani na mjenzi wa hiki kipya ni mmoja: EDF, mali ya serikali ya Ufaransa.